Kaka kaula Marekani? Liulizeni bomba lake!

Nyie wa Dar mnalala feni limewashwa na bado mnatokwa jasho kama mmekimbizwa na mgambo. Sisi wa Sumbawanga tunawasalimu tukiwa ndani ya makoti. Mji wetu umekaa juu bwana, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai upepo wa uwanda wa Ufipa haumbagui mtu. Tajiri unampiga, maskini unampiga, bibi harusi naye unampiga na shela lake. Kuoga asubuhi bila maji ya moto ni ushujaa wa kupewa nishani.

Kwa hiyo mimi siku zote nilijua kwamba baridi naijua. Kumbe nilikuwa naijua jina tu!

Wiki hii nataka niwasimulie kisa cha kaka yangu mkubwa. Mwenyewe amenipa ruhusa, ila kasema jina nisilitaje, na mimi nataka kuendelea kuitwa mdogo wake, kwa hiyo silitaji.

Kaka alishinda ile bahati nasibu ya grini kadi, akaondoka mwaka 2019. Jamani, siku aliyoondoka, hapa mtaani Kizwite ilikuwa kama kaondoka mbunge. Tangu siku hiyo nyumba yetu ikabadilishwa jina, ikawa "kwa yule wa Marekani". Nikienda dukani kukopa sukari, mwenye duka anacheka mpaka anashika tumbo: "Wewe, kaka'ko yuko majuu, unakopa nusu kilo?" Kadi za michango ya harusi zikawa zinaletwa kwetu kwanza, tena zimeshaandikwa na kiwango kabisa. Ndugu ambao tangu marehemu baba azikwe hatukuwaona, wakaanza kuja kututembelea na kuku mmoja mkononi na shida tatu mfukoni.

Na kaka alikuwa anatuma. Hilo lazima niseme. Ada ya dada yetu chuo cha uuguzi ilikuwa yake, dawa za presha za mama zilikuwa zake. Picha nazo alikuwa anatuma: kaka kaegemea lori kubwa linalong'aa, kaka kasimama kwenye theluji nyeupe kama unga wa sembe. Mama alizisafisha, akaziweka kwenye fremu, akazitundika sebuleni. Kitu kimoja tu hakuna aliyekigundua. Kwenye picha zote zile hakuna hata moja iliyoonyesha nyumba yake.

Mimi nilibaki hapa. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka, mama hakuniuliza na mimi sikumwambia, basi tukaheshimiana hivyo hivyo. Nikaenda kujishikiza kwa fundi mmoja wa sola kule Majengo, kubeba ngazi na kuchomea waya, huku jioni naandika makala kama hizi. Nyumbani nilikuwa yule "mdogo wake yule wa Marekani". Yaani hata nikifunga taa nyumba nzima ikawaka, watu wanasema, "Kumbe na huyu naye ana akili kidogo!"

Sasa twende kwenye kisa chenyewe.

Ilikuwa Jumatano, Desemba 21, mwaka 2022, saa moja asubuhi, mvua inanyesha. Simu ikaita, kaka. Kule kwake ilikuwa saa nne ya usiku wa Jumanne. Sauti ilikuwa ya chini, kama mtu aliyejificha.

"Dogo, mama yuko karibu?"

"Yuko jikoni."

"Toka nje."

Nikatoka, nikasimama chini ya paa, maji ya mvua yananidondokea kisogoni kupitia bati letu lililotoboka.

"We si unafanya mambo ya sola? Betri za volti 12 unazijua?"

"Kaka, hiyo ndiyo kazi yangu."

"Basi nisaidie. Maji yameganda kwenye bomba, na nataka nilichome kwa moto wa gesi."

Nikamwambia awashe kamera nione. Akasita. Nikasema bila kuona siwezi kumshauri kitu. Akawasha.

Wasomaji wangu, nilichokiona sikukitegemea. Chumba chembamba kama basi dogo la abiria lililong'olewa viti. Huku godoro, huku jiko la gesi, huku sinki, vyote mtu anavifikia akiwa amesimama palepale. Kaka kavaa koti, kofia na glovu, ndani ya nyumba! Kila akiongea mvuke unamtoka mdomoni kama anavuta sigara.

"Kaka... hii ndiyo nyumba?"

Akanyamaza. Halafu akasema, "Ndiyo nyumba. Mwaka wa pili huu."

Ilikuwa karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari. Wazungu wenye nafasi huiburuta wakati wa joto kwenda kutalii. Kaka yeye alikuwa anaishi humo mwaka mzima, nje kidogo ya Williston, jimbo la Dakota Kaskazini, karibu kabisa na mpaka wa Kanada. Huko kuna mafuta ardhini. Yalipopamba moto, kuanzia mwaka 2008 hivi, watu walimiminika kutafuta kazi kuliko vyumba vilivyokuwepo, kodi ikapaa, na wengi wakaishia kwenye karavani. Wimbi kubwa la watu lilishapita kaka alipofika, lakini yeye alipiga hesabu zake: akipanga chumba, hela ya kutuma nyumbani haibaki. Kwa hiyo akanunua karavani kuukuu, akaiegesha kwenye shamba la mzee mmoja. Viwanja vyenye umeme vilikuwa na bei yake, cha mzee hakikuwa na umeme, akachukua cha mzee.

Na unajua kazi yake ilikuwa nini? Lile lori linalong'aa kwenye fremu ya mama ni la kubeba maji ya visima vya mafuta. Yaani kutwa nzima anasafirisha maji, jioni anarudi kwake hana hata ya kunawa uso!

Wiki ile ndiyo baridi kali ilipoivamia Marekani kabla ya Krismasi. Kwake ilishuka kupita nyuzi 25 chini ya sifuri. Hapa kwetu Tanzania ukitaka kuona maji yamejigandia yenyewe nje, nenda Kitulo kule Makete mwezi wa saba, alfajiri utakuta majani meupe. Jua likitoka, mchezo umekwisha. Kule kwa kaka jua linatoka, linakuangalia tu, linazama, barafu ipo palepale.

Maji yakiganda yanavimba, kama asilimia 9 hivi. Ndani ya bomba hayana pa kuvimbia, yanasukuma mpaka kitu kipasuke. Na ubaya wake hujui kama kimepasuka mpaka barafu iyeyuke, hapo ndipo unakuta umefurika.

Sasa huo moto wa gesi. Nikamwambia, "Kaka, hilo bomba la plastiki liko chini ya sakafu ya mbao, ukilichoma umechoma nyumba na wewe umo ndani." Akasema basi atawasha jiko la gesi usiku kucha, afunge kila tundu, chumba kipate joto. Hapo nikapandisha sauti, mimi mdogo mtu. Nikamkumbusha wale wanafunzi wawili waliopanga mtaa wa pili kutoka kwetu, walioingiza jiko la mkaa chumbani mwezi wa saba, wakaziba dirisha kwa nguo, wakalala. Asubuhi mlango ulivunjwa. Ule moto unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, inakuongezea usingizi tu. Kaka aliwafahamu wale vijana, mmoja alikuwa akichezea timu yake ya mtaani.

Akanyamaza. Akasema, "Sawa, mkubwa."

Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kaka kuniita mkubwa.

Usiku ule akawasha jenereta lake dogo, akachukua mashine ya kukaushia nywele, akafungua bomba, akaanza kupuliza joto kuanzia upande wa koki akirudi nyuma taratibu, ili barafu ikiyeyuka maji yapate pa kutokea. Saa mbili nzima! Alikuta kiungo kimoja karibu na pampu kimepasuka, mabomba yenyewe yalikuwa yamesalimika. Akayamwaga maji yote. Kesho yake akaenda dukani kununua waya wa joto.

Waya huo ni kama waya wa kawaida kwa kuutazama, ila ukipitisha umeme unapata uvuguvugu. Unaulaza kando ya bomba, unaufunga kwa tepu, halafu juu yake unavisha sponji la kuzuia baridi. Upo wa umeme mkubwa wa nyumbani, na upo wa volti 12, wa watu wa betri kama kaka. Uzuri wa volti 12 ni kwamba hata pakiwa na majimaji haikupigi shoti. Ubaya wake, inakula betri kama mgeni aliyetoka safari.

Kaka alitaka anunue mita 10 azungushe karavani nzima. Nikamwambia tulia tupige hesabu. Nikachukua daftari langu la kazini, nikakaa nyuma ya choo ambako mama hasikii.

Waya ulikuwa wa wati 15 kwa mita. Mita 10 ni wati 150. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 12 na nusu. Betri yake ilikuwa ya ampea-saa 100, na betri ya asidi ukitaka ikae usiikamue kupita nusu. Una 50 za kutumia. 50 kwa 12 na nusu ni saa 4. Usiku wa Desemba kule ni zaidi ya saa 15! Kufika saa nne usiku shughuli imekwisha, na mateso ndiyo yanaanza. Isitoshe, betri iliyojaa haigandi kirahisi, lakini iliyokwisha inaweza kuganda kwenye nyuzi 10 hivi chini ya sifuri ikapasuka. Angepoteza bomba na betri kwa mpigo.

"Kaka, huoshi gari wala huna bustani," nikamwambia. "Wewe unahitaji bomba moja tu, kutoka tangi kwenda kwenye sinki. Mengine yaache matupu."

Akapima: mita 3. Hapo ni wati 45, ampea 4 kasoro robo. Usiku mzima bila kuzimika ni ampea-saa 56. Akanunua betri mbili mpya za 100. Baridi ile inainyang'anya betri nguvu, tukakadiria inabaki na kama asilimia 60, kwa hiyo zile 200 tukazihesabu ni 120, nusu yake 60. Tukabakiwa na ampea-saa 4 za kumshukuru Mungu! Betri ya zamani tukaiachia feni ya hita, na jenereta likawa la kuzichaji zote kila akitoka kazini.

Tukaongeza thermostati, kidude kinachowasha waya wenyewe joto likishuka mpaka nyuzi 3 na kuuzima likipanda. Nikamwambia aweke fyuzi karibu na betri, na waya wa kupeleka umeme uwe mnene, kwa sababu volti 12 kwenye waya mwembamba inaishia njiani, hata hapa Majengo tunawaona wateja taa ya mwisho inawaka kama kiberiti. Na ule waya wa joto asiukunje ukajilalia wenyewe, maana aina nyingine hapo ndipo zinapoungulia.

Halafu akaniambia karavani lazima ivae sketi. Nikacheka, nikadhani kachanganyikiwa. Kumbe kweli! Wanazungushia mbao na marobota ya majani makavu kuanzia ubavuni mpaka ardhini ili upepo usipite chini ya sakafu. Yake ilikuwa imechanika upande mmoja, ndipo upepo ulipopitia. Bila sketi, waya wa joto ni kama kuwasha kibatari uwanjani.

Ikumbukwe yote haya nayafanya kwa kunong'ona. Na mama si mjinga. Siku ya tatu akanikamata nyuma ya choo nikisema, "Usiogope, mama hawezi kujua."

Akasimama mbele yangu na mwiko mkononi. "Umempa mimba mtoto wa nani?"

"Mama, hapana!"

"Basi huyo asiyetakiwa kuogopa ni nani?"

Nikasema ni mteja wa sola. Akaniangalia, akaondoka. Niliona aibu kuliko kama angenichapa na ule mwiko.

Maana jambo lenyewe lilikuwa zito. Krismasi ilikuwa Jumapili, na mama alikuwa amewaalika baba wadogo wote wawili. Mpango ulikuwa, wakishakula, wampigie kaka simu kwa spika, mbele ya ukoo, wamwambie suala la paa. Bati 60. Baba mdogo alishaandika kwenye karatasi na misumari yake. Nikamwambia kaka, "Mwambie mama ukweli kabla ya siku hiyo." Akajibu, "Ukimwambia wewe, sipigi tena simu hiyo nyumba." Na nilijua atasema nini siku ikifika. Atasema ndiyo, atakopa, atauza hata betri.

Ijumaa alifunga waya na kubadilisha kile kiungo. Jumamosi asubuhi yetu akapiga, hakusema kitu, akasogeza simu kwenye sinki. Nikasikia maji yanatiririka. Ebwana, maji ya bomba nimeyasikia tangu nizaliwe lakini yale yalikuwa matamu! Nikamwambia usiku aache koki inadondosha tone tone kwenye ndoo, maji yanayotembea ni magumu kuganda.

Ikaja Krismasi. Tumetoka misa, tumekula wali na kuku, saa tisa alasiri baba mdogo akakohoa, akavaa miwani, simu ikapigwa. Kwa kaka ni saa kumi na mbili alfajiri, giza. Salamu zikapita, shikamoo zikapita. Baba mdogo akaanza kusoma karatasi: "Sasa mwanetu, kuna hili suala la bati..."

"Krrrrrr."

Akaacha kusoma. Tukatazamana.

"Krrrrrr."

Mama akainamia simu. "Ni nani huyo anayekoroma hapo kwako?"

Baba mdogo wa pili akaangua kicheko, dada akaficha uso kwa kanga. Wote tukajua kaka kakamatwa na mwanamke wa Kizungu anayekoroma. Wote, isipokuwa mimi. Mimi nilijua ni pampu. Tone tone zile, kila baada ya dakika kadhaa pampu inajiwasha kurudisha presha. Ushauri wangu mwenyewe ndio uliomuumbua!

Kaka akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Si mtu, mama. Ni pampu ya maji."

"Pampu ndani ya chumba cha kulala?"

"Mama, mimi sina chumba cha kulala."

Akasema yote. Karavani, shamba la mzee, maji kuganda, moto wa gesi aliotaka kuuwasha. Sebule ilikuwa kimya mpaka unasikia mvua. Baba mdogo alivua miwani, akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni.

Nilitegemea mama atalia. Hakulia. Akauliza, "Una blanketi ngapi?"

"Tatu."

"Hilo jiko usiliwashe ukalala."

"Siwashi, mama. Dogo kanikataza."

Hapo mama akageuka, akaniangalia pale nilipokaa karibu na mlango. Hakusema neno. Akanigeukia tena baadaye, akanipakulia kidali cha kuku kilichokuwa kimetengwa kwa ajili ya baba mdogo.

"Bati hazikimbii," akaiambia simu. "Na sisi mvua tumeizoea."

Tangu siku ile, kadi za michango zikiletwa mama anajibu, "Mwanangu naye anajenga," basi, haongezi. Wengine walinuna, na wale wa kuku mmoja hatukuwaona tena. Barafu ilipoyeyuka mwaka 2023 kaka aliihama karavani, akapanga chumba na Wakenya wawili madereva wenzake, chumba chenye umeme na bomba lisilokoroma. Hela anazotuma zilipungua kidogo, simu zikaongezeka sana. Mwaka 2024 alileta hela ya bati 30. Ndiyo maana ukipita kwetu leo utaona paa letu nusu linang'aa nusu lina kutu, usicheke, hilo ndilo paa lililonunuliwa bila uongo.

Kwa hiyo wewe msomaji mwenye ndugu majuu, kabla hujatuma orodha yako, hebu mpigie siku moja umuulize tu kama bomba lake linatoa maji. Halafu nyamaza, usikilize.

Kwangu mimi, lile daftari bado ninalo, ukurasa wenye ampea-saa 4 nimeukunja kona. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo. Vaeni masweta!